Klabu ya uhandisi shuleni: anza na karatasi kumi na ndoo ya maji

Klabu ya sayansi inayoanza kwa maonyesho ya mwalimu haidumu. Mwalimu anachanganya kemikali, rangi inabadilika, wanafunzi wanapiga makofi, na kesho yake kila mmoja anarudi kwenye madaftari yake akiamini kwamba sayansi ni kazi ya mtu mwingine. Kinachomvuta kijana ni kitu alichokijenga mwenyewe kikavunjika, akapima kilivunjika kwa uzito gani, akakijenga tena kikabeba zaidi. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sekondari aliyekabidhiwa klabu bila maabara ya maana na bila bajeti. Kazi zilizomo zinatosha muhula mmoja, dakika tisini kwa wiki.

Chukua kidato cha kwanza na cha pili. Kufika kidato cha tatu wengi wameshachagua masomo, na aliyeiacha fizikia ni vigumu kuirudia. Wanafunzi 24 wanatosha: makundi sita ya watu wanne. Kundi la watu sita lina wawili wanaofanya kazi na wanne wanaotazama.

Siku iwe moja na isibadilike, na kazi imalizike mapema jioni, kabla ya saa kumi na moja. Klabu inayomaliza giza likiingia inawapoteza wasichana kwanza, maana nyumbani wanasubiriwa na kazi na njia ni ndefu. Waandikie wazazi barua fupi inayotaja siku, saa ya kumaliza na jina la mwalimu anayehusika. Mzazi mwenye barua hiyo mkononi hamshuku mtoto anapochelewa.

Ndani ya kundi kuna kazi nne: mshika zana, mpimaji, mwandishi, na mtunza vifaa. Zungusha kazi hizo kila wiki kwa jedwali lililobandikwa ukutani, na usikubali kubadilishana. Ukiwaachia wapange wenyewe, msichana atapewa kalamu kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, na mvulana atashika koleo muhula mzima. Hakuna atakayekuwa na nia mbaya, lakini mwisho wa muhula mmoja atakuwa amejifunza uhandisi na mwingine amejifunza kunakili.

Kuhusu lugha: kwa shule za Tanzania, ambako sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, mijadala ya klabu iende kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta neno la Kiingereza hawezi wakati huohuo kufikiri kwa nini daraja limeanguka. Majina ya vitu yaandikwe kwa lugha zote mbili kwenye karatasi kubwa ukutani, ayazoee bila kutishwa nayo.

Kila kundi liwe na kaunta buku moja. Kwa kila jaribio linaingia: tarehe, mchoro, namba zilizopimwa, na kitu kimoja tu kilichobadilishwa tangu jaribio lililopita. Hicho kimoja tu ndicho sheria ya klabu. Kundi likibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na daraja likabeba zaidi, halitajua limejifunza nini.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu: daraja la karatasi

Kila kundi linapewa karatasi kumi za A4 za gramu 80 na solotepu mita moja. Karatasi moja ya aina hiyo ina uzito wa gramu 5 kamili, kwa sababu karatasi kumi na sita za A4 ni mita moja ya mraba. Waulize wao wakokotoe kabla ya kuwaambia. Kwa hiyo daraja zima ni kama gramu 50 na tepu kidogo.

Tenganisha meza mbili kwa sentimita 60. Umbali huo umechaguliwa kwa makusudi: karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, hivyo hakuna karatasi itakayovuka peke yake. Lazima waunganishe, na kwenye viungo ndiko somo liliko.

Uzito unaning'inizwa katikati kwa kamba iliyopitishwa juu ya kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10, ili kamba isiikate karatasi. Tumia ndoo ya lita kumi na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Unamimina nusu lita, unasubiri sekunde kumi, unamimina tena. Pima ndoo tupu dukani mara moja na uandike uzito wake ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Chini ya ndoo weka gunia au tairi kuukuu, nafasi isizidi sentimita 10, ndoo isije ikamwangukia mtu mguuni.

Makundi mengi yatalaza karatasi bapa na yataona daraja likilegea kabla ya maji kuanza. Waache. Baada ya hapo mtu atavingirisha karatasi kuwa bomba. Bomba lililovingirishwa kwenye penseli ni jembamba na linapinda. Lililovingirishwa kwenye chupa ni pana na ukuta wake unabonyea kama kopo. Katikati ya hayo mawili kuna kipenyo kinachofaa, na wakifanya mabomba matatu ya vipenyo tofauti watakipata wenyewe kwa kuyaning'inizia uzito.

Kisha angalia wapi panavunjika. Mara nyingi ni kwenye kiungo, pale bomba moja lilipobandikwa pembeni mwa jingine. Dawa ni kuliingiza moja ndani ya jingine kwa angalau sentimita 5, kisha tepu. Pengine ni kwenye ukingo wa meza, mahali karatasi inapokandamizwa hadi inalala. Hapo weka mkunjo wa karatasi ndani ya bomba. Kama fremu inalala upande ingawa hakuna bomba lililopinda, kundi limejenga miraba. Wape vijiti vinne vilivyofungwa pembe kwa mpira, wavisukume, waone mraba unavyolala. Kisha waongeze kijiti kimoja cha mshazari. Watoto wakirudi nyumbani watatazama kenchi za paa la darasa na minara ya simu kwa macho mengine.

Alama si uzito uliobebwa bali uzito uliobebwa ukigawanywa kwa uzito wa daraja lenyewe. Daraja la gramu 50 lililobeba kilo 4 limepata 80. La gramu 40 lililobeba kilo 3.6 limepata 90, na ndilo lililoshinda. Hesabu hiyo ndogo inawafundisha kwamba mhandisi hasifiwi kwa kutumia vitu vingi.

Wiki ya pili na ya tatu wajenge upya. Usiruke hatua hii hata kama makundi mengine yanadai wamemaliza.

Wiki ya nne hadi ya sita: mota ya umeme

Hii ndiyo kazi inayobadilisha watu, na ndiyo inayokwama zaidi. Kwa kila kundi tafuta jiwe moja kubwa la tochi la volti 1.5, waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.5 urefu wa mita 1.3, pini mbili kubwa za kufungia nepi, sumaku ya spika iliyokufa, kipande cha msasa laini, na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Waya mwombe fundi wa kusuka mota. Kila karakana ina mabaki yanayotupwa. Chukua waya mpya, usichukue uliotolewa kwenye mota iliyoungua, maana vanishi yake imekauka na inabanduka ovyo.

Zungushia waya kwenye jiwe mara kumi, ukiacha mkia wa sentimita 5 kila upande. Vua koili, kisha kila mkia uzungushie mara mbili kuikaza koili isifumuke. Mikia itoke pande mbili zinazotazamana, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mstari ukipinda, mota haitazunguka hata ukifanya mengine yote sawa.

Sasa msasa. Mkia wa kwanza unasuguliwa pande zote hadi shaba ing'ae. Mkia wa pili unasuguliwa nusu tu: simamisha koili wima kama gurudumu, laza mkia juu ya ukingo wa meza, na sugua upande wa juu peke yake. Vanishi ya upande wa chini ibaki nzima.

Funga pini kwenye ncha mbili za jiwe kwa ukanda wa tyubu, matundu ya pini yakiwa juu. Pitisha mikia ya koili kwenye matundu. Weka sumaku juu ya jiwe, chini ya koili, kwa nafasi ya kama milimita 5. Isukume koili kidogo kwa kidole.

Haitazunguka. Karibu makundi yote yatakwama mara ya kwanza, na hapo mwalimu ana kazi moja tu: kutogusa. Anauliza, "Umepima nini?" na anaelekeza macho kwenye dalili.

Koili inayotikisika huku na huku bila kumaliza mzunguko ina mkia wa pili uliosuguliwa pande zote. Umeme ukipita muda wote, sumaku inaisukuma koili mbele kwa nusu mzunguko, kisha nusu inayofuata inairudisha. Vanishi iliyobaki inakata umeme katika nusu hiyo mbaya, na koili inapita kwa mwendo iliokuwa nao. Wakielewa hilo wameelewa komuteta, yaani sehemu ya mota inayokata au kugeuza umeme kila nusu mzunguko, na hawatalisahau kwenye mtihani.

Koili isiyoonyesha uhai wowote kwa kawaida ina vanishi ambayo haikutoka. Vanishi ni angavu, jicho linadanganyika. Pima kwa multimita kutoka mkia hadi mkia. Koili inayosimama kila mara mahali palepale ina upande mzito: ipinde kidogo kidogo mpaka ikae popote inapoachwa. Na koili inayozunguka kisha kufa baada ya sekunde chache huenda imechafua pini. Futa kwa msasa.

Jihadhari na joto. Mita 1.2 za waya huo zina ukinzani wa kama omu 0.1 tu, kwa hiyo jiwe linatoa mkondo wote linaoweza, karibu na shoti. Usiache koili imesimama kwenye pini zaidi ya sekunde kumi. Betri za simu na za kompyuta zisikaribie kazi hii kabisa. Kwenye shoti zinaweza kuwaka moto.

Mota ikishazunguka, rudi kwenye sheria ya kitu kimoja: mizunguko 10 dhidi ya 20, sumaku moja dhidi ya mbili. Kasi inapimwa kwa simu yenye video ya mwendo wa polepole: bandika kibendera kidogo cha karatasi kwenye koili na uhesabu fremu kwa kila mzunguko. Kama video inapiga fremu 120 kwa sekunde na mzunguko mmoja umechukua fremu 12, mota inazunguka mara 10 kwa sekunde.

Wiki ya sita mwalike yule fundi aliyetoa waya. Aje na mota ya pampu au ya mashine ya kusaga iliyofunguliwa. Wanafunzi waliokwisha kusuka mizunguko kumi wakiona mamia ya mizunguko ndani ya chuma watamuuliza maswali ambayo wewe huwezi kuyajibu, na fundi ataheshimika shuleni kama anavyostahili.

Wiki ya saba hadi ya tisa: roketi ya maji

Tumia chupa ya soda ya lita 1.5. Chupa ya maji ya kunywa haifai. Ukuta wake ni mwembamba na haukutengenezwa kuvumilia presha. Tafuta kizibo cha mpira kinachobana mdomo wa chupa, kipenyo cha karibu milimita 22, toboa tundu dogo kuliko valvu ya tyubu ya baiskeli, na ipenyeze valvu kwa nguvu. Kati ya pampu na valvu weka mpira mwembamba wa hewa wa mita tano. Chupa isimame mdomo chini kwenye matofali matatu.

Mapezi matatu ya boksi gumu yabandikwe karibu na mdomo, na kwenye kichwa (yaani kitako cha chupa) weka udongo wa mfinyanzi wa kama gramu 50. Kabla ya kurusha, funga uzi mahali chupa tupu inapokaa sawa, kisha izungushe hewani. Ikienda kichwa mbele, itapaa sawa. Ikienda ubavu au nyuma mbele, ongeza udongo au panua mapezi.

Anayepiga pampu avae miwani ya kinga na asiinamie chupa. Wengine wakae mita 15. Kizibo kikigoma, hakuna anayekaribia: fungua mpira upande wa pampu, hewa itoke, subiri, ndipo uende. Chupa yenye mkunjo mweupe itupwe.

Tatizo la kipimo ni hili: kizibo kinachomoka kwa presha tofauti kila mara kutegemea kilivyoingizwa. Chora mstari kwenye kizibo, milimita 15 kutoka ncha, na kila mrusho kiingie hadi mstari huo, mdomo wa chupa ukiwa umelowa. Bila hivyo namba zitaruka ovyo na wanafunzi watadhani ni maji yanayosababisha.

Kimo kinapimwa kwa protrakta yenye mrija wa soda kwenye ukingo ulionyooka na uzi wenye kokoto katikati. Mpimaji anasimama mita 30 kutoka kwenye roketi. Kama pembe ya kutazama juu ni digrii 35, tanjenti yake ni 0.70, kwa hiyo kimo ni mita 21, kisha ongeza urefu wa jicho, tuseme mita 1.5. Weka wapimaji wawili pande zinazotazamana na uchukue wastani, kwa sababu roketi inayoinamia upande mmoja itaonekana ndefu kwa huyu na fupi kwa yule. Mwanafunzi aliyekuwa akiuliza tanjenti ni ya nini hatauliza tena.

Rusha mara tatu kwa kila kiasi: mililita 200, 400, 600, 800 na 1,000. Chora grafu. Itapanda kisha itashuka, na kilele kwa kawaida kiko mahali fulani kati ya robo na nusu ya chupa. Maji yakiwa machache, hakuna kitu cha kutosha cha kutupa chini. Yakiwa mengi, hewa iliyobanwa ni kidogo na mzigo ni mzito. Usiwape maelezo hayo kabla ya grafu.

Kuanzia wiki ya kumi: maswali yao

Tangu siku ya kwanza tundika daftari la maswali mlangoni. Lolote linaingia, hata lile linaloonekana la kipuuzi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakujua jibu, lakini alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na jina linalotumika katika ubishi huo ni la Mpemba.

Lifanyeni jaribio hilo kwenye friji ya kantini. Vikombe viwili vinavyofanana, mililita 70 za maji kila kimoja, kimoja kwa nyuzi 35 na kingine kwa 90. Viweke juu ya kipande cha foma, maana kikombe cha moto kikiyeyusha theluji ya friji kitagusana na chuma vizuri zaidi na kitapendelewa. Badilishaneni nafasi katika jaribio linalofuata. Na kabla ya kuanza kubalianeni "kuganda" ni nini: ukoko wa kwanza juu, au kipimajoto kufika sifuri, au barafu hadi chini? Kundi linalobishana juu ya hilo kwa nusu saa limefanya sayansi kuliko darasa zima la kunakili.

Baada ya hapo kila kundi lichague swali moja kutoka kwenye daftari au tatizo la mtaani kwao. "Uchafuzi wa mazingira" ni kubwa mno. "Mkaa wa maganda ya nazi unachemsha lita moja kwa gramu ngapi ukilinganishwa na mkaa wa duka?" linapimika kwa jiko moja, sufuria moja na mizani. Swali lisilokuwa na kipimo ndani yake lirudishwe kwa upole, likarekebishwe.

Kazi zilizokomaa zipelekwe mashindanoni: Tanzania kuna Young Scientists Tanzania, Kenya kuna Kenya Science and Engineering Fair ambayo watu wengi bado huiita Science Congress. Waamuzi huuliza mara kwa mara mlifanyaje mara ya kwanza na mlibadilisha nini. Kaunta buku lenye madoa na namba zilizofutwa linajibu vizuri kuliko bango la kuchapisha. Bango lenyewe liwe na grafu moja kubwa inayosomeka kutoka mita mbili.

Wakati huohuo waeleze njia zilizopo kwa majina. Kwa Tanzania, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) ni njia moja tu kuelekea uhandisi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha hupokea pia waliomaliza kidato cha nne wenye ufaulu wa sayansi na hisabati, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha ufundi. Wengi huacha kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hivyo. Mwalike mhandisi mwanamke akiwezekana, na mwombe alete kitu anachokipima kazini, si hotuba.

Muhula ukifungwa, toa mawe kwenye vishikio vyote na uyahifadhi mahali pakavu, kwani yakiachwa yatavuja na kula pini. Kausha vizibo vya mpira, andika majina ya makundi kwenye masanduku, na ufunguo wa kabati mpe mwanafunzi wa kidato cha pili atakayekuwepo mwakani.